Droni ikisimama juu ya uani kwako: jinsi ya kuwadai polisi utaratibu wa picha kwa maandishi

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza, hasa nyie wa milimani kule Mabatini, Igogo, Bugarika na Isamilo, na nyie wa mwaloni kuanzia Kirumba mpaka Igombe. Naandika hii kwa mtu wa kawaida, mama ntilie, mvuvi, mwenyekiti wa mtaa, sio kwa wakili, wakili anajua pa kuanzia.

Nianze na kilichonifanya niandike. Mwaka jana jioni wifi yangu alikuwa anaoga, na bafu letu ni kama mabafu mengi ya huku mlimani, tofali mpaka usawa wa kifua, juu hamna paa, mlango ni kitenge. Kikaja kidude, droni, yaani kindege kidogo kisicho na rubani, kinanguruma kama nyuki kikasimama pale juu hakiendi mbele hakirudi nyuma. Wifi akatoka na kanga imelowa anatetemeka kwa hasira. Vijana wakaanza kuokota mawe, mwingine anasema hao polisi wanatafuta wauza gongo, mwingine anasema wanatafuta bangi, basi mtaa mzima ukawa nje. Tukashuka bondeni kufuatilia tukakuta ni kijana mpiga picha wa harusi, alikuwa anatafuta picha ya ziwa jua linazama, akaomba radhi akafuta ile klipu mbele yetu tunaona. Yakaisha. Ila usiku sikulala vizuri, nikawa najiuliza je, angekuwa ni afande kweli? Nani angefuta ile klipu? Ingekaa wapi, kwenye simu ya nani? Ningeenda kaunta ya kituo nimuulize nani, na angenijibu kwa karatasi gani?

Hapo ndo nikaelewa kwamba tunabishana kitu sicho. Watu wanabishana droni za polisi ziruke au zisiruke. Kilichomuumiza wifi sio ile ngurumo, ni picha. Kwa hiyo ukitoka hapa na kitu kimoja kichwani kiwe hiki, ukikutana na afande au diwani au mtu yeyote mwenye droni ya serikali, uliza habari za picha kabla hujauliza habari za droni. Nani kaagiza ipigwe, inakaa wapi, inafutwa lini, nani anaruhusiwa kuiangalia.

Na mimi siwapingi polisi kuwa na droni, niliweke wazi kabisa. Sisi watu wa ziwa tunajua kuzama. MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 pale karibu na Ukara, zaidi ya watu 200 wakafariki, na fundi mmoja akatolewa hai ndani ya kivuko baada ya siku mbili. Mtumbwi ukipinduka usiku, droni yenye kamera ya joto inamuona mtu anaelea gizani ambapo tochi haifiki. Hiyo kazi nani ataikataa. Huku pia droni sio kitu kigeni, mwaka 2018 kulikuwa na majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe kwa droni, kilomita 60 kwa dakika kama 40 hivi, na mwaka huohuo nyingine zikaruka mpaka kisiwa cha Juma. Droni ya dawa inaruka na kifurushi, ya polisi inaruka na jicho, ndo maana ya pili inahitaji masharti zaidi ya ile ya kwanza.

Haya, tuanze.

Siku yenyewe, ikiwa juu yako

Usirushe jiwe. Najua mkono unawasha, lakini kuharibu mali ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, afu kile kidude kina betri inayoweza kuwaka moto, kikidondoka kinaweza kudondokea mtoto wa jirani au bati la mtu. Jifunike, ingiza watoto ndani, afu chukua simu. Rekodi video hata kama haionekani vizuri, sauti inasikika na muda unabaki kwenye faili. Andika saa iliyofika na saa iliyoondoka, ilitokea upande gani, ilirudi upande gani (hii ni muhimu maana inarudi kwa mwenyewe), ilisimama juu ya nyumba ya nani, na majina ya watu wawili watatu walioona. Droni nyingi ndogo betri inakaa nusu saa hivi, kwa hiyo mwenye rimoti hayuko mbali. Tuma mtu mzima mwenye busara afuate uelekeo, sio vijana kumi wenye fimbo.

Ukimkuta mwenye droni muulize kistaarabu yeye ni nani na anafanya kazi ya nani. Akiwa raia au kampuni anatakiwa awe na kibali cha TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna kanuni za mwaka 2018 kuhusu ndege zisizo na rubani. Akiwa askari, muombe jina, namba yake na kituo anachotoka, afu sema asante uondoke. Usimzuie kazi. Kubishana barabarani na afande aliyeko kazini hakujawahi kumsaidia mtu, utaishia wewe kulala ndani na picha zikabaki palepale.

Akiwa mpiga picha ambaye polisi wamemuazima au wamemlipa, andika hivyohivyo. Hili watu hawalifikirii, ila polisi wanaweza wasiwe na droni yao kabisa wakatumia ya mtu wa shuting za harusi, afu memori kadi inarudi nayo kwa yule kijana. Nitarudi hapo.

Sheria inasema nini, na tundu liko wapi

Msingi wetu ni Katiba ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ikariri hiyo namba, kumi na sita, maana ukiitaja ofisini mtu anakaa vizuri kwenye kiti.

Afu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ndo iliyoleta Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, haijalishi imepigwa kutoka chini au kutoka juu. Sheria hii inataka taarifa ikusanywe kwa lengo linalojulikana na isikae kuliko inavyohitajika. Lakini msome mpaka mwisho jamani, ina misamaha kwa mambo kama usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, na polisi wakibanwa mlango wao wa kutokea ndo huo. Kwa hiyo usiende kifua mbele ukidhani hii sheria peke yake imekumalizia kazi.

Kwenye upekuzi wa kawaida utaratibu upo siku nyingi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaongelea hati ya upekuzi, mashahidi, na stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa ambayo mwenye nyumba na mashahidi wanasaini. Afande akiingia kwako kwa mlango kuna karatasi. Sasa akiingia kwa juu, kwa jicho la droni, karatasi iko wapi? Na zile kanuni za anga zimekaa zaidi kumlinda abiria na ndege nyingine huko juu kuliko kumlinda aliyeko bafuni. Isitoshe ule Mkataba wa Chicago wa 1944 ambao nchi zinaufuata kwenye mambo ya anga unasema wenyewe kwamba ndege za jeshi, forodha na polisi ni ndege za dola na haziguswi na mkataba huo. Tundu ndo hilo, tena ni kubwa.

Wenzetu waliachia likapanuka. Marekani mwaka 1989 kulikuwa na kesi ya Florida na mtu anaitwa Riley, huyu alikuwa na banda la mimea uani kwake, paa lake likawa limepungua vipande viwili, polisi wakapita na helikopta futi 400 wakachungulia pale palipokosekana paa wakaona bangi. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikasema sawa tu, hawakuhitaji hati. Miaka mitatu nyuma yake walishasema hivyohivyo kuhusu ndege ndogo iliyopita futi 1,000 juu ya uani kwa mtu aliyezungushia ukuta. Sikilizeni vizuri, paa limepungua vipande viwili. Mabafu yetu yamepungua paa zima! Umaskini wa bati ukigeuka kuwa ruhusa ya kuchunguliwa, basi faragha inakuwa ya matajiri wa Capri Point peke yao, na mimi hilo silikubali.

Ila hukohuko mwaka 2001 mahakama ileile, kesi ya Kyllo, ikasema polisi kutumia kifaa cha kupima joto la nyumba ya mtu wakiwa barabarani ni upekuzi, walete hati. Na jimbo la Florida mwaka 2013 likatunga sheria ya kuwataka polisi wapate hati kabla ya kukusanya ushahidi kwa droni, ukitoa dharura na mambo machache. Seattle mwaka huohuo wananchi walipiga kelele mpaka meya akaufuta mpango wa droni za polisi. Ufaransa, Mei 2020 wakati wa korona, baraza lao la juu la mambo ya utawala liliwaamuru polisi wa Paris waache kurusha droni kuangalia watu mpaka kuwe na utaratibu wa kulinda taarifa, na mwaka uliofuata baraza la katiba likafuta vifungu vya droni kwenye sheria mpya kwa sababu ulinzi wa faragha ulikuwa hautoshi, ikabidi serikali irudi na sheria nyingine Januari 2022 yenye masharti zaidi. Walioanza hizo kesi walikuwa watu na vyama vya raia, hawakusubiri waziri aamke na wazo.

Mambo ya kudai, na hapa ndo ukae utulie

Sheria ndogo ya halmashauri haiwezi kumwamuru RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, jinsi ya kufanya operesheni, polisi ni jeshi la taifa, kwa hiyo usipoteze mwaka mzima kumsumbua diwani atunge kitu kisicho na meno. Unachoweza kudai ni utaratibu wa maandishi, uliosainiwa, unaobandikwa pale ofisi ya kata, na wakati huohuo mbunge wenu apeleke hoja ya sheria kamili bungeni. Utaratibu huo uwe na haya.

Sababu za kuruka zitajwe kwa majina. Kutafuta aliyezama au aliyepotea, ajali, moto, mafuriko, kumfuata mtuhumiwa anayekimbia muda huo. Neno kama "doria ya kawaida" mlikatae, doria ya kawaida maana yake ni kila siku juu ya kila mtu.

Kulenga nyumba au uani kwa mtu kuhitaji hati ya mahakama. Kukiwa na dharura ya kuokoa maisha waruke tu, hakuna wa kumsubirisha anayezama, lakini ndani ya siku mbili waandike kwa nini waliruka bila hati. Siku mbili ni pendekezo langu, nyie mnaweza kuweka moja.

Urefu upimwe kutoka juu ya paa la mtu. Hii naomba muisisitize watu wa milimani kwa sababu mtu wa Dodoma au Dar hataiwaza. Droni nyingi zinahesabu urefu kuanzia pale iliporukia. Sasa afande akirushia pale barabarani Mabatini skrini yake inamwambia yuko mita 60 juu, anaona yuko mbali na watu, kumbe kwa mtu aliyejenga juu kwenye mawe ile droni iko mita tano kutoka dirishani. Kwake namba iko sawa kabisa na kwako ni mtu anachungulia. Bila kuandika "kutoka juu ya paa" huo utaratibu kwa Mwanza ni karatasi ya kufungia karanga.

Ufukweni nako wasisahau. Huku watu wanaoga ziwani, kina mama wanafua na kuanika dagaa, watoto wanaogelea uchi. Operesheni ya kukamata nyavu haramu isiwe sababu ya kurekodi ufukwe mzima, kamera iwashwe ikishafika majini. Kamera ya joto haipenyi ukuta wala bati, hapo msidanganyane, lakini mtu aliyeko nje gizani inamuona, kwa hiyo nayo itajwe kwa jina.

Picha zifutwe. Mimi naandika siku 30, isipokuwa kipande ambacho ni ushahidi wa kesi yenye namba ya jalada. Zikae kwenye kifaa cha ofisi, simu ya askari na grupu la WhatsApp ni marufuku. Na yule mpiga picha wa harusi aliyeazimwa afungwe na masharti hayahaya, akabidhi memori kadi kwa kusaini, asibaki na nakala. Mimi naliona hili ni kubwa kuliko hata la hati, kwa sababu picha ya mama yako ikishaingia kwenye magrupu hakuna jaji wa kuirudisha.

Kila safari iandikwe kwenye daftari, tarehe, saa, eneo, sababu, nani ameruhusu, nani amerusha. Droni yenyewe inatunza kumbukumbu ya ilikopita, kwa hiyo daftari likidanganya linaweza kulinganishwa. Muhtasari ubandikwe kila mwezi bila majina ya watu.

Mikutano ya siasa, ibada na misiba, droni isitumike kujua nani kahudhuria. Kusaidia foleni na msongamano sawa, kukusanya sura za watu hapana, na programu za kutambua sura zisiunganishwe kabisa.

Silaha hapana. Usidhani nazidisha, jimbo la North Dakota kule Marekani mwaka 2015 lilipitisha sheria ya kuwataka polisi wawe na hati, sheria nzuri tu, lakini ilipotoka ikawa inakataza silaha za kuua peke yake, zile zinazoitwa zisizoua zikabaki na nafasi. Kwa hiyo andikeni "silaha ya aina yoyote, pamoja na mabomu ya machozi".

Mwisho kuwe na adhabu na mtu wa nje wa kukagua, na picha iliyopatikana kinyume isitumike mahakamani. Hakimu tayari ana uwezo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kukataa ushahidi uliopatikana kwa kuivunja sheria hiyo, sisi tunataka na droni itajwe.

Barua

Anza na mkutano wa mtaa. Mwite mkaguzi wa polisi wa kata aje, msimvizie, askari wengi na wao wana wake na mama zao kwenye nyumba zisizo na paa bafuni. Waacheni kina mama waongee kwanza. Mkikubaliana andikeni barua kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa RPC, mtendaji wa kata na mbunge. Ya kwetu ilikaa hivi, chukueni mrekebishe:

"YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU MATUMIZI YA NDEGE ZISIZO NA RUBANI KATIKA MTAA WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa huu, kwa kuzingatia ibara ya 16 na 18 za Katiba na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, tunaomba kufahamishwa: (a) iwapo ofisi yako inatumia au inaazima ndege zisizo na rubani, (b) utaratibu wa maandishi unaosimamia matumizi hayo, (c) picha zinatunzwa wapi, kwa muda gani na nani anaruhusiwa kuziona, (d) mwananchi apeleke wapi malalamiko. Hatuombi taarifa za upelelezi unaoendelea. Tunaambatanisha mapendekezo yetu na muhtasari wa mkutano wa mtaa. Tunatanguliza shukrani."

Ile sentensi ya upelelezi unaoendelea msiitoe, sheria inaruhusu kunyima taarifa zinazoweza kuharibu upelelezi, sasa ukishasema huzitaki unakuwa umewaondolea kisingizio. Toeni nakala mbili, moja ibaki kwao, ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hamjapeleka kitu. Mwenye ofisi ana siku 30 za kujibu. Akikataa, ombeni mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo.

Kama picha yako tayari imepigwa na unajua iko kwa nani, usisubiri hayo yote, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama aliyekosea ni mtumishi wa umma peleka pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Njia ya Mahakama Kuu chini ya ibara ya 30 ya Katiba ipo, ila marekebisho ya 2020 yalitaka uape jinsi gani wewe mwenyewe umeguswa, muulize wakili kama sharti hilo bado lipo, na ndo maana nilisema pale mwanzo andika saa, upande na mashahidi. Hapo sasa tafuta wakili wa msaada wa kisheria au msaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua hao na hawatozi mtu asiye na uwezo.

Kingine kidogo, siku 30 zikipita kimya msiandike barua mpya. Rudini na ileile yenye muhuri mkaulize imefika meza ya nani, maana mkiandika mpya siku zinaanza kuhesabiwa upya.